Kisanduku cha alama kiliandikwa BADO

"Mjomba, lile joka ulilotuonyesha, wewe ulilipataje?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo sebuleni kwa dada, Tabata, simu mkononi, bila hasira yoyote. Alikuwa amesoma uhakiki wangu, akaona gemu ya kadi nimeipa tisa kwa kumi, akaipakua. Wiki ya tatu alikuwa ameshatia humo elfu thelathini za kujibana, na ile kadi ya joka hajaiona. Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina jibu. Joka sikulipata. Nililikuta.

Gemu yenyewe siitaji. Wiki moja kabla haijatoka, wenyewe walinitumia akaunti iliyojaa: sarafu za kumwaga na kadi karibu zote zimeshafunguliwa. Wala si rushwa. Mhakiki ana siku nne au tano. Asipopewa akaunti ya namna hiyo ataonja kadi chache tu. Basi nikacheza jioni nne, nikaandika kwa moyo mweupe kwamba gemu ni tamu. Na ilikuwa tamu kweli.

Wachezaji hupenda kusema waandishi wa gemu tumenunuliwa, ndiyo maana tunazibembeleza gemu za kadi. Mimi sijawahi kupewa hata fulana. Ulaini tunao, lakini unaingilia mlango mwingine: tunahakiki meza, yaani mchezo wenyewe, duka la kununulia kadi tunalipita. Kwenye gemu ya mpira, timu niliyoichezea mimi na wewe utaichezea. Kwenye gemu ya kadi, kadi utakazoshika mkononi zinategemea umefungua pakiti ngapi, na pakiti ni kadi chache za kubahatisha.

Tazama Artifact, gemu ya kadi ya kampuni ya Valve, iliyotoka Novemba 2018. Aliyeibuni ni Richard Garfield, yule yule aliyebuni Magic, gemu maarufu ya kadi za karatasi, na wahakiki wengi waliisifu kwa kina chake. Hawakukosea, kupigana kwenye njia tatu kwa wakati mmoja ni ubunifu wa hali ya juu. Ila ulilipa dola 20 kuingia, pakiti ya ziada dola 2, na kadi moja ya shujaa Axe siku za mwanzo ilikaribia bei ya gemu nzima sokoni. Baada ya miezi michache waliokuwa wakicheza kwa wakati mmoja walihesabika kwa mamia. Machi 2021 Valve ikaachana nayo, ikaigawa bure.

Nilipotoka kwa dada nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya Hearthstone, gemu ya kadi niliyoicheza miaka na kudhani naijua. Pakiti ina kadi 5. Iliyo dhaifu hutoa nne za kawaida na moja adimu. Ukizivunja zote unapata vumbi 40. Kutengeneza kadi ya daraja la juu, lejendari, kunataka vumbi 1,600, yaani pakiti 40 za namna hiyo. Pakiti ni dhahabu 100, fedha ya humo ndani ya gemu, na miaka ya mwanzo misheni ya siku ilianzia dhahabu 40. Kwa misheni hizo peke yake, ni siku 100. Ni kweli, ndani ya pakiti 40 gemu hukupa lejendari moja, lakini haikuulizi unataka ipi.

Gemu iliyofuata nikaifungulia akaunti mbili: ya kupewa, na ya kwangu kutoka sifuri, kwenye simu yangu na bando langu. Nikanunua daftari la kurasa 48. Kila usiku niliandika pakiti ngapi nimefungua, nini kimetoka, nani kanipiga na kwa kadi gani. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Siku ya 11. Nimeshinda 3, nimepigwa 9. Sita kati ya hizo tisa, kadi ile ile." Kwenye akaunti ya kupewa kadi hiyo ninayo, na siku hiyo hiyo nilishinda mara 8. Mtu yule yule, kochi lile lile. Siku ya 20 nikatoa elfu kumi yangu nione inanunua nini. Ilinunua pakiti tatu, na zaidi ya nusu ya kadi zilikuwa marudio.

Kazi ilikuwa kwa mhariri. "Kaka, siku thelathini? Watu watakuwa wameshahamia gemu nyingine," aliniambia, na hakukosea. Kilichomkera zaidi ni kile kisanduku cha alama pembeni ya makala. Hakikuwahi kubaki kitupu. Tulivutana wiki nzima. Mwisho tukakubaliana: siku ya kwanza natoa makala fupi ya meza, nikisema wazi kwamba akaunti nimepewa, na kisandukuni anaandika BADO. Ya duka inakuja siku ya 30, na alama yake.

Makala hiyo ya pili husomwa na wachache, nisidanganye. Na kuna waliokuwa wakinitumia akaunti ambao barua pepe zao zimekauka. Lakini daftari si fimbo tu. Kuna gemu nilitaka kuipa sita, siku ya 30 ikaondoka na nane, maana ilikuwa inagawa kadi kwa mkono mweupe. Hapo lakini huwa naikumbuka Legends of Runeterra, gemu ya kadi ya kampuni ya Riot: haikuuza pakiti za kubahatisha, wachezaji wakaisifia sana duka lake, na Januari 2024 kampuni ikapunguza kazi yake kwa kuwa haikuingiza pesa ya kutosha. Sijui mhakiki aiandikie nini hiyo.

Akaunti ya sifuri siku hizi anaichezea mpwa wangu. Ananizidi, na likizo ni ndefu. Bando nanunua mimi, ya duka haruhusiwi hata senti. Jana alinitumia picha ya ukurasa wa siku ya 17. Kashinda 11, kapigwa 6, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Joka: 0."