Kadi ya Ndizi

Januari 2019 nilikuwa na wanafunzi 86 wa kidato cha kwanza kwenye chumba kimoja, Morogoro. Waliowahi kufundisha shule za kata wanaijua hiyo Januari. Mtoto ametoka darasa la saba, miaka yote kasoma kwa Kiswahili, sasa anaambiwa baiolojia ni Kiingereza, jiografia Kiingereza, hesabu Kiingereza. Wiki za mwanzo ni za kuwavusha, na macho yote yanamwangalia mwalimu wa Kiingereza. Yaani mimi.

Katikati ya wiki hizo ndipo wakala alipojibu ujumbe wangu. Namba yake niliipata kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Kazi ilikuwa ya kufundisha Kiingereza shule ya chekechea, Zhengzhou, China: yuan 9,000 kwa mwezi, chumba bure, nauli ya ndege wangenirudishia baada ya miezi sita. Walitaka niwe nimefika mwanzoni mwa Machi, watoto wakirudi kutoka sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina.

Usiku ule sikulala. Yuan 9,000 wakati huo zilikuwa karibu shilingi milioni tatu. Mshahara wangu wa daraja D ulikuwa 716,000 kwenye karatasi. Ukitoa kodi, pensheni ya PSSSF, bima ya afya, chama cha walimu, na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, mkononi haukufika laki tano. Na kiwanja changu Kihonda kilikuwa na nyumba iliyoishia kwenye lenta, bila paa, masika mbili zimeshanyesha juu ya yale matofali. Watu husema wanataka kwenda nje wakaone dunia. Mimi nilitaka bati. Nilihesabu miezi kwa bati: mwezi wa kwanza mbao, wa pili bati, wa tatu fundi.

Usaili ulikuwa wa dakika 15 kwa simu ya video. Nilitakiwa kufundisha neno moja kana kwamba mbele yangu wamekaa watoto wa miaka minne. Nikakata kipande cha manila, nikachora ndizi, nikaipaka njano kwa kalamu niliyoazima kwa mwalimu wa sanaa, nikaimba nayo jikoni kwangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Wakala akafurahi sana. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza kituo cha daladala: "Wazazi wakikuuliza, sema unatoka Afrika Kusini."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kanuni za kule zinataka mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya mama, na Mtanzania wasingemkubali. Nisijali, karatasi watazipanga wao.

Lugha yangu ya mama ni Kisambaa. Kiswahili nilikikuta shuleni Lushoto, Kiingereza cha kusomea nilikutana nacho kidato cha kwanza, na kiliniliza. Ndiyo maana najua hasa ni wapi mtoto anakwama: najua kwa nini anasahau ile "s" mwisho wa kitendo, najua aibu ya kusimama kusoma kwa sauti ukiwa na umri wa miaka 14. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo ya kumpa mtu, na ndiyo hiyo hiyo niliyotakiwa kuificha.

Hata hivyo sikukataa. Nasema kweli, lenta ilikuwa inaniita.

Mkataba ulikuja kurasa sita, Kiingereza juu, Kichina chini. Niliuchapisha steshenari, nikampelekea kijana niliyewahi kumfundisha, aliyekwenda kusomea udaktari China na sasa alikuwa amerudi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, baba. Nisomee hiki cha chini."

Alisoma taratibu, kidole kikitembea chini ya mistari. Ukurasa wa pili kidole kikasimama. "Madam, huku juu wameandika mwalimu. Huku chini wameandika mshauri wa biashara." Akafungua ukurasa wa mwisho: palipo na tofauti, nakala ya Kichina ndiyo itakayofuatwa. Na viza niliyoahidiwa ilikuwa M, ya wafanyabiashara. Ya kazi ni Z. Akanieleza kwamba mgeni akikamatwa anafanya kazi bila kibali faini yake ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anaweza kuwekwa ndani hadi siku 15. Na mimi huku ningekuwa nimeondoka kimyakimya, maana likizo bila malipo haipatikani kwa wiki tano. Mtumishi akitoweka zaidi ya siku tano anahesabiwa mtoro, ajira iko mashakani.

Nilimpigia mama Lushoto, nikamsimulia yote hadi mwisho. Akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, ukifa huko, watamrudishia nani maiti? Mtu wa Afrika Kusini?"

Nikamwandikia wakala mstari mmoja: nitakuja kwa viza ya Z, na mkataba unaosema mwalimu kwa lugha zote mbili. Akajibu kwamba wapo wengi wanaosubiri nafasi. Sikumsikia tena.

Niliumia. Wiki nzima nilikuwa nikipita Kihonda kwa njia ya mbali ili nisiione ile nyumba. Bati nilikuja kupandisha 2022, kwa mkopo wa benki ambao bado naulipa.

Lakini Jumatatu iliyofuata jibu la wakala, kwenye mkoba wangu ilikuwamo bado kadi ya ndizi. Niliinua juu, watoto 86 wakacheka kwa kuwa ilikuwa picha ya chekechea, kisha nikawauliza kwa Kiingereza nani kwao wanazilima. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwa amefungua mdomo, akasimama. Akasema bibi yake analima ndizi Matombo. Ile "s" aliiweka.