Siku moja na mafaili ya mirathi Mwanza

Saa 12 asubuhi nimeshabanana kwenye daladala kutoka Igoma, mafaili mapajani. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Wengi wanatuita vishoka, na inauma, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, na hatumtozi mtu hata shilingi. Hatusimami mahakamani kama mawakili. Tunaelekeza, tunaandika barua, tunasindikiza.

Saa 2 hadi saa 4: viwanja, matunzo ya watoto, viwanja tena.

Saa 5 akaingia shangazi mmoja na mdogo wake wa kiume. Kaka yao alikuwa mvuvi, ameacha watoto wawili yatima. Shangazi ndiye anayewalea na ndiye msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi miezi 4 kurudisha Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni yote ya marehemu. Muda unaisha wiki ijayo na benki bado haijajibu barua ya kuulizia fedha za marehemu. Nikawaambia tuombe mahakama muda zaidi.

"Muda wa nini tena?" yule mdogo mtu akafoka. "Jaza peleka. Na injini ya mtumbwi usiiandike, hiyo ni ya ukoo."

Hapo ndipo siku yangu ilipoishia. Nikaeleza kwa upole, akapaza sauti. Nikaeleza tena, akapiga simu kwa wazee. Shangazi hakubishana. Alifungua fundo la kanga, akatoa risiti ya injini, imekunjwa mara nne, wino umefifia kwa maji, jina la marehemu bado linasomeka. Akaiweka mezani. "Hii ni ada ya wanangu," akasema. Yule mdogo mtu akanyamaza.

Kanuni inasema miezi 4 au muda zaidi utakaoruhusiwa na mahakama. Kwa hiyo omba kabla haujaisha, toa sababu, ambatisha ushahidi. Ukikaa kimya, anayekupinga anapata hoja ya kuomba uteuzi wako utenguliwe, na watoto ndio wanaoumia. Niliandika ombi la miezi miwili, nikaambatisha nakala ya barua iliyopelekwa benki, yenye mhuri wa kupokelewa.

Mahakamani tulikaa kwenye benchi mpaka jua likatufuata ukutani. Sikuwa nimekula. Hakimu alipotuita alisoma yote, akamuuliza shangazi watoto wanalala wapi na wanasoma wapi, akaongeza miezi miwili.

Shangazi alinishika mkono muda mrefu pale nje. Kesho saa 2 tunaanzia dirishani benki.