Waya wa elfu 45 na sabufa iliyonuna

Mtwara kuchele wadau. Leo nawapa kisa cha waya, nimeshachekwa sana hapa nyumbani sasa bora nichekwe na wengi.

Msimu wa korosho uliopita mjomba wangu alipata hela akanunua mziki mpya, ule wa zamani akanipa mimi, homu thieta ya deki ya DVD, spika tano na sabufa. Mimi nakaa Shangani, chumba na sebule, nikaona hapa lazima nifanye mambo kikubwa, nikaenda dukani nikamwambia jamaa nipe HDMI ya ukweli, ule waya unaopitisha picha na sauti pamoja, akanitolea moja imesukwa nailoni, vichwa vya dhahabu, elfu 45. Nikalipa bila hata kupunguziwa.

Nimechomeka, picha ya deki safi, sauti imejaa chumba. Nikahamia kwenye king'amuzi tuangalie mpira, sauti inatoka kwenye tivii tu, sabufa kimya kama imefiwa. Nikachomoa nikachomeka, nikazima nikawasha, nikageuza hadi waya wenyewe kichwa huku kichwa kule, wapi.

Kesho yake nikamfata fundi mmoja mtu mzima kule Chikongola, akaja, hajafungua hata begi lake.

"Mwanangu, hapa nyuma ya deki pameandikwaje?"

"HDMI OUT."

"Maana yake?"

"Ya kutolea."

"Sasa wewe unataka iingie, unaipitisha mlango wa kutokea?"

Nilikosa pa kuweka uso. Kumbe lile tundu linatoa picha na sauti ya deki kwenda kwenye tivii, basi. Ili sauti ya tivii irudi kwenye mziki kwa waya huohuo, matundu ya pande zote mbili yawe na ARC, kitu kilichokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na kwenye tivii mara nyingi ni tundu moja tu kati ya matatu lina hayo maandishi. Halafu uwashe na setingi ya vifaa kuwasiliana, ambayo kila kampuni imeipa jina lake, Samsung wanaita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, ndo maana watu wanaitafuta hawaioni. Deki yangu haina ARC, kwahiyo hata ningenunua waya wa laki mbili ingekuwa yaleyale.

Ila nyuma ilikuwa na tundu dogo la pembe nne lina kifuniko, la optiko. Huu ni waya unaopitisha mwanga badala ya umeme, Toshiba ndo waliuleta 1983 na mpaka leo tivii nyingi zinao. Nikanunua wa elfu 12, nikauchomeka mbiombio, kimya tena! Nilitaka kulia jamani. Kuuchomoa naona kwenye ncha kuna kikofia cha plastiki kimebaki, cheupe, hukioni mpaka uusogeze kwenye macho. Nikakitoa, ncha inawaka mwanga mwekundu, nikarudisha, sabufa ikaguna. Usiukunje kwa nguvu nyuma ya kabati tu, ule uzi wa ndani ukikatika haungwi.

Mwanzoni spika za nyuma zilikuwa zimelala, setingi ya sauti kwenye tivii ilikuwa PCM, na kwenye optiko PCM ni chaneli mbili tu. Nikaweka Dolby Digital, nikacheza muvi yenye 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa, zikaamka. Kama huna optiko kabisa tumia zile AV nyekundu na nyeupe, sauti inapita vizuri tu, ila usizilaze pamoja na waya wa umeme maana utasikia mmmmm mpaka kichwa kiume.

Waya za spika ndo hapo nashauri mtu atumie hela. Beba kiwembe dukani, kwangua kidogo, ukiona ndani peupe hiyo ni alumini imepakwa shaba, irudishe. Na huku kwetu na huu upepo wa chumvi ni balaa, yangu ya kwanza niliacha ncha wazi miezi michache tu ikaota ukijani, spika ikawa inakwaruza, ikabidi nikate nivue upya. Unene, kama waya wa spika hauzidi mita saba au nane, milimita za mraba 1.5 inatosha, ule unene wa waya wa taa za nyumbani, zaidi ya hapo weka 2.5 kama wa soketi. Na uangalie chanya na hasi, spika moja ukiigeuza itaimba kama kawaida ila besi inapotea, utailaumu sabufa bure.

Ule wa elfu 45 upo, umeunganisha king'amuzi na tivii. Juzi niliutoa nikaweka ule uliokuja bure kwenye boksi la king'amuzi, nikamwita mke wangu aangalie, nikamuuliza unaona tofauti? Akasema tofauti naiona kwenye hela ya samaki.