Kulala Tukuyu, Kushuka Matema

Wengi wanaotoka Mbeya mjini kwenda ufukwe wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, huipita Tukuyu bila kushuka garini, au hushuka kwa muda wa kununua ndizi na parachichi tu, kisha huendelea na barabara ya Kyela. Mimi nashauri kinyume chake. Msafiri apange chumba katika nyumba ya wageni ya kijijini, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na Matema iwe mojawapo ya matembezi yake, si safari nzima. Ziwa Nyasa huonekana vizuri zaidi na mtu aliyeamka kwenye baridi ya Rungwe asubuhi ile ile.

Nyumba ya aina hiyo haina makuu. Maji ya kuoga huletwa kwa ndoo yakiwa ya moto, mablanketi ni mazito kwa sababu ya lazima, na asubuhi hupewi orodha ya vyakula bali unaulizwa kama utakula ndizi zako na maharage au na nyama. Mama mwenye nyumba tuliyofikia, baada ya shikamoo na habari za safari, alitazama viatu vyetu kwanza, ndipo akatuambia ni njia zipi tusijaribu siku hiyo. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwani eneo hili ni miongoni mwa yanayopata mvua nyingi kuliko yote nchini, na udongo wake wa volkano ukilowa huteleza vibaya. Anayetaka kutembea kwa miguu aje kati ya Juni na Septemba, avumilie baridi.

Volkano ndiyo iliyoumba karibu kila kitu kinachotazamwa hapa. Mlima Rungwe, wenye urefu wa takriban mita 2,960, unasimama juu ya mashamba ya chai na migomba, na katika misitu yake ndimo watafiti walimotambua kipunji mwaka 2003, aina ya kima ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua tangu zamani. Ziwa Ngozi limejaa ndani ya kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, na njia yake ya mwisho ni mteremko mkali wa mizizi na matope ambao haumstahili mtu mwenye haraka. Kwenye mto Kiwira kuna Daraja la Mungu, tao la mwamba lililobaki baada ya lava kupoa na maji kuendelea kuchimba njia yake kwa chini. Picha zake hazitoshi: ni lazima usimame kando yake usikie mto unavyovuma ndipo uelewe kwa nini watu walilipa jina hilo.

Kwa upande wa historia, Tukuyu ina mengi kuliko inavyojitangaza. Wajerumani walianza na kituo kando ya ziwa katika miaka ya 1890, wakakiita Langenburg, kisha wakahamishia utawala wao huku juu, ambako hewa ilikuwa bora, na mji ukaitwa Neu Langenburg hadi majeshi ya Waingereza yalipouteka mwezi Mei 1916. Mabaki ya boma lao yapo hadi leo katikati ya ofisi za serikali, na mpita njia asiyeambiwa hawezi kujua anapita karibu na nini. Masoko, upande wa kusini-mashariki, kuna ziwa dogo la kreta lenye majengo ya zama hizo ukingoni, na wenyeji watakusimulia kuhusu sarafu na mali ambazo Wajerumani walizitupa majini walipokuwa wakikimbia. Simulizi hiyo ichukue kama simulizi, lakini usiache kuisikiliza.

Barabara ya kushuka Kyela ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Kutoka mita 1,500 na zaidi za Tukuyu unateremka hadi chini ya mita 500 usawa wa ziwa, na koti linavuliwa njiani. Chai inaisha, kakao inaanza, migomba inapisha mashamba ya mpunga, na joto linaingia garini kabla hujafika Kyela mjini. Ukipitia Ipinda unafika Matema, ambako milima ya Livingstone inainuka moja kwa moja kutoka majini na kuufunga upande wote wa mashariki.

Hapo Matema usiishie mchangani. Katika kijiji jirani cha Lyulilo huletwa vyungu vya Wakisi kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vingine vya chini ya milima hiyo. Wanawake huvifinyanga kwa mikono bila gurudumu la mfinyanzi, huvisugua hadi ving'ae, na huvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe kabla ya kuvichoma. Nilipokuwa nikigeuza kimoja kutafuta ufa, muuzaji alinichukulia mkononi akasema, "Mwanangu, ufa hauonwi, unasikika," akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa mlio mrefu; chenye ufa hutoa sauti fupi, butu. Akavipanga vile nilivyonunua kimoja ndani ya kingine, akashindilia majani makavu ya migomba katikati, akafunga kwa kamba za migomba, na vyote vikapanda hadi Tukuyu salama kwenye kosta iliyojaa.

Anayetaka kwenda Ikombe kwenyewe kuona kazi hiyo ikifanyika apange mtumbwi tangu jioni na aondoke alfajiri. Upepo wa mwera, hasa kati ya Mei na Agosti, huchafua ziwa vibaya, na wavuvi wakikataa kutoka, usiongeze bei ili kuwashawishi.