Ekseli Iliyokatika

Mwaka 2008, nikiwa Tabora, baiskeli yangu ilianza kuyumba nyuma. Ilikuwa mtumba ya gia 21, na kila asubuhi niliipakia dumu mbili za maji za lita 20. Nikikaza pedali kupanda mlima, ringi ilikwaruza mpira wa breki: shwa, shwa, shwa. Nikishuka na kulizungusha tairi kwa mkono, kimya.

Nikaamini ni spoki. Karibu wiki nzima nilikaza hii nikalegeza ile, na kelele haikupungua hata kidogo.

Mwishowe nikaikokota hadi kwa fundi mmoja mzee aliyefanya kazi chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo nyuma inacheza, nimeiona tangu unakuja."

Aliipindua, akaweka ukucha karibu na ringi, akazungusha. Ringi ilipita imenyooka, ila pale tu nilipochokonoa mimi. Kisha akashika tairi juu na kulisukuma huku na huku. Ko, ko. Alipozungusha pedali, friwili, lile fungu la meno ya gia la nyuma, nayo ikatikisika, nikamwambia basi hiyo ndiyo mbovu. Akakataa. Friwili nyingi huyumba kidogo, alisema, hasa tairi linapojizungusha lenyewe, na hazina ugonjwa wowote.

"Panda, shika mti."

Nilipanda. Akachuchumaa nyuma, akaniambia nikandamize pedali. Nikasikia ile shwa. Uzito ukiwepo, tairi lote lililala upande. Nikishuka, linarudi mahali pake. Sikuwahi kuwaza kulitazama nikiwa juu yake.

Akafungua kile kishikio cha pembeni, akachomoa ule msumari mrefu unaopita ndani ya ekseli, chuma cha katikati ya tairi. Ekseli ikafuata, vipande viwili. Ilikuwa imekatika upande wa gia, jirani kabisa na koni, ile nati inayobana gololi. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa nyeusi kwa grisi ya zamani, ukingo mmoja tu ukimetameta: ufa ulianza zamani. Msumari ule ndio ulioshikilia kila kitu.

Akanionyesha kwa kidole. Friwili ya gia saba ni pana, kwa hiyo gololi za upande ule hukaa ndani sana, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila egemeo. Uzito wote wa dumu zangu ulikuwa ukikikunja hapo. Miaka baadaye nilipopata habu ya kaseti, aina nyingine ya kitovu cha tairi la nyuma, ambayo kampuni ya Kijapani ya Shimano ilianza kuitengeneza mwaka 1978, nilielewa kwa nini ni imara zaidi: gololi za upande wa gia zimesogezwa nje, karibu na fremu.

Mzee akaweka ekseli mpya, grisi, gololi tisa kila upande. Koni alizikaza, akazilegeza kidogo, akatikisa tairi, akakaza tena. Alirudia hivyo mara nyingi, bila haraka.

Kesho yake nilipanda mlima na dumu zangu mbili, masikio yote nyuma. Nilisikia maji tu yakigonga ndani ya dumu.