Watoto wa Visigino Wamekuwa Wakubwa

Niliondoka Nairobi mwaka wa 2011, Thika Road ikiwa vumbi na matingatinga. Safari hii nimetoka uwanja wa ndege nikapitishwa kwenye ile barabara ya juu, nikawa Westlands kabla sijamaliza kuongea na dada yangu kwenye simu. Nilishangaa, nikazoea siku hiyohiyo. Kilichoninyima usingizi nilikikuta kwenye benchi la kliniki.

Tuliofanya kazi pamoja miaka ile mnakumbuka. Mtoto wa wiki sita analetwa, tunamtoboa kisigino, tunadondosha damu kwenye kadi, tunaianika ikauke, inapelekwa maabara kupimwa VVU, virusi vya UKIMWI. Kipimo cha watu wazima hakikufaa: hicho hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mtoto hubeba kingamwili za mama yake hadi karibu miezi 18. Majibu yanarudi, simu ya mama haipatikani, ama anapatikana na mtoto ameshaaga. Bila dawa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na virusi hawafikishi miaka miwili. Na zile dawa za maji, sharubati chungu! Mtoto anatapika, mama analia, chupa imewekwa kwenye beseni la maji kwa kuwa nyumbani hakuna friji.

Hayo ndiyo yaliyonipeleka Cape Town. Huko na Soweto ndiko ulikofanyiwa utafiti wa CHER, uliochapishwa mwaka wa 2008, ukaonyesha kwamba kumwanzishia mtoto mchanga dawa mara moja, bila kungoja adhoofike, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka huohuo. Nimekaa huko miaka 14 nikihesabu chembe za damu na wingi wa virusi, nikarudi na kompyuta iliyojaa grafu. Kichwani mwangu Nairobi ilikuwa bado ya watoto wa kubebwa mgongoni.

Jumamosi ya kwanza kliniki, benchi lilikuwa limejaa vijana. Sauti nzito, ndevu zinachomoza, simu mkononi. Bibi mmoja akanishika kiwiko.

“Daktari, umenisahau? Huyu ndiye yule uliyemtoboa kisigino akakukojolea.”

Kijana alisimama kunisalimia. Ananizidi urefu. Yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Nilimkumbatia nikatokwa na machozi, sitaficha. Halafu nikafungua faili lake: tangu ajiunge na shule hiyo virusi vimepanda, muhula baada ya muhula.

Nilimwomba anionyeshe anavyotunza dawa. Akatoa soksi begini, ndani ya soksi mna kopo, na ndani ya kopo, juu ya vidonge, kipande cha pamba kimeshindiliwa. Ni ili kopo lisilie akitembea. Saa tatu usiku anajifungia chooni anameza bila maji. Siku choo kikiwa na watu, hamezi.

Nikamuuliza vidonge ni vya nini. “Vya kifua,” akasema. “Shosho aliniambia nilizaliwa na kifua kibaya.”

Nyanya yake alikuwa ameinamisha kichwa. Miaka 15. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotaka mtoto aelezwe hali yake hatua kwa hatua, awe anajua kufikia miaka 12, ulitoka mwaka uleule niliosafiri. Kijana huyu amefundishwa kuficha kitu asichokijua, na amekificha vizuri hadi kinaanza kumdhuru. Simlaumu shosho. Alimzika binti yake, akalea mjukuu, akaogopa kwamba akitamka neno hilo mtoto atauliza mama yake alikufa na nini. Sisi watafiti ndio ninaotulaumu. Tulihesabu waliofika miezi 12, miezi 24, tukashangilia, tukaandika. Hatukukaa chini kupanga jinsi watakavyokuwa na miaka 15, wawe na mabweni, wapenzi, na maswali.

Hiyo siku niliongea na vijana tisa. Wanne hawakujua wanaugua nini.

Daktari mwenzangu unayefunga virago kurudi, nakuomba: grafu ziache sandukuni mwezi mzima. Kaa kwenye benchi. Usimuulize kijana kama anameza dawa, maana atakujibu ndiyo. Muulize anamezea wapi na nani yuko karibu. Wachanga wa leo wana kidonge cha dolutegraviri kinachoyeyuka kwenye maji, kina ladha ya stroberi, na nilipokiona nililibusu kopo lake. Lakini hakuna kiwanda kitakachotutengenezea mazungumzo. Hayo ni yetu, kwa Kiswahili chetu, na mlezi akiwa ameandaliwa kwanza.

Na mshauri wa vijana utakayempata, mshikilie. Nchi hii iliegemea mno misaada ya Marekani, na iliposimamishwa Januari 2025 kazi za namna hiyo ndizo zilizoyumba mapema.

Jumamosi ijayo naanza na wale wanne, mmoja mmoja. Shosho amekubali. Ameniomba jambo moja tu: akae nje karibu na mlango, asikie sauti ya mjukuu wake, na nimwite mara tu atakapouliza habari za mama.