Mbuzi wawili na Nokia ya mzee

Likizo za mwaka 2008 nilizimalizia kwenye kibanda cha mjomba pale Muheza, nachajisha simu za watu kwa shilingi 300. Ubaoni tulikuwa na chaja nane za Nokia, za pini nene na za pini nyembamba. Simu za Kichina kila moja ilikuja na tundu lake, kwa hiyo tulizichomoa betri tukazibana kwenye chaja ya kubania.

Siku za gulio alikuja mzee mmoja mkulima wa machungwa na Nokia 1100 yake, ile yenye tochi kichwani. Kabla hajanikabidhi lazima afungue mgongo, atoe betri, anionyeshe kibandiko: Made in Hungary. “Hangari hii, mwanangu. Usije ukanibadilishia.” Mimi Hungary nilidhani ni mji wa Finland, kwao Nokia.

Siku moja simu ikatumbukia kwenye pipa la maji. Mjomba akamwambia kwa upole, “Mzee wangu, chukua ya Kichina, ina laini mbili, utapunguza gharama.” Mzee alikasirika kama katukaniwa mama.

“Niliuza mbuzi wawili!”

Basi hapo nikaelewa. Kumwambia simu imekufa ilikuwa sawa na kumwambia mbuzi wake walikwenda bure.

Leo mimi ni mtu wa Tecno, na mdogo wangu ni wa iPhone. Juzi kwenye grupu la familia kaniita mshamba, nami nikamshushia aya tatu nzima: kamera inavyozitendea haki ngozi zetu, chaji, laini mbili. Usiku wa manane! Transsion wa Shenzhen, wenye Tecno, itel na Infinix, hawajawahi kunitumia hata vocha ya mia tano. Mwenzangu naye anaitetea simu ambayo mkopo wake hajaumaliza. Afadhali sisi, Marekani vijana wanabaguana kwa rangi ya ujumbe, iPhone kwa iPhone bluu, wa Android kijani. Huku WhatsApp imetupaka kijani sote.

Mzee nilikutana naye miaka kadhaa baadaye, stendi. Nikamwamkia, akaitika huku anaongea na simu ya laini mbili, mpya kabisa. Alipomaliza akaingiza mkono mfuko wa pili, akatoa ile 1100 imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaanza kuufungua mpira, anionyeshe kibandiko.